Hufungui Programu, Unafungua Mtu

Jumatatu, 11 Agosti. Kongowe, Kibaha

Zubeda bado yuko kwao Kurui. Nyumba imepoa. Nimekunywa chai bila sukari kwa sababu sijui mke wangu anaiweka wapi. Najuta, na naandika humu kwa kuwa humu hakuna wa kunijibu.

Niweke mambo sawa, ili siku nikisoma tena nisijidanganye. Zubeda alikwenda huko kwao Kurui, wilayani Kisarawe, kumuuguza shangazi yake, yule aliyemlea. Mimi nikabaki na meza yangu ya chaja na makava, na simu yangu mpya. Kiota! Simu isiyofanana na za watu. Dulla fundi, aliyeniuzia, alinifundisha na kaulimbiu yake: kwenye Kiota hufungui programu, unafungua mtu. Wasapu, meseji za kawaida, Fesibuku, vyote vinamiminika kwenye dirisha moja. Unagusa jina la Zubeda, Zubeda wote huyo hapo. Niliipenda kaulimbiu kuliko simu yenyewe. Nikajitangaza wakala wa Kiota, Kibaha na vitongoji vyake. Hakuna aliyenituma.

Siku shangazi alipofariki, Zubeda alinipigia. Simu ilikuwa inajisasisha. Akanitumia ujumbe wa sauti kwa wasapu. Kwangu kikaingia kisanduku cha kijivu chenye maneno: Zubeda ametuma kitu ambacho Kiota bado hakijajifunza kukifungua. Chini yake majibu ya haraka, unagusa tu. Wakati huo nilikuwa Kwala, nje ya bandari kavu, nawaonyesha madereva wa malori maajabu ya simu yangu. Nikadhani katuma picha ya mihogo. Nikagusa jibu la kwanza.

Jibu la kwanza lilisema: Safi sana! Endelea hivyo hivyo.

Sikuzika. Sikuhani. Habari nilizipata mazishi yameshapita, tena kutoka kwa Monica, jirani yangu muuza vitumbua, aliyeona kwenye stetasi ya Zubeda. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikasingizia mtandao. Kurui mtandao mbovu, kila mtu anajua! Hakuna aliyeniamini, maana lile jibu langu lilifika vizuri kabisa.

Leo mkwe wangu, Mzee Abdulwahab, ameniandikia meseji. Huandika kwa herufi kubwa tupu, hajui kuzipunguza, kwa hiyo hata akikutakia Idi njema unahisi umefukuzwa. Amesema nifike Ijumaa baada ya swala, pamoja na mtu mzima wa kunisindikiza, nijieleze mbele ya wazee. Nisipofika, nisihangaike tena kumfuata binti yake.

Sitaki kumpoteza Zubeda. Basi, nimeliandika.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata ufumbuzi!

Nimelitazama kosa langu kwa pande zote na nimeona tatizo ni ukimya. Wakwe wanaandika, mimi kimya. Wakwe wanasalimia, mimi kimya. Dawa ya ukimya ni majibu. Mengi, ya haraka, yenye adabu.

Nimekwenda kwa Dulla. Amenisasishia Kiota. Toleo jipya lina Msaidizi wa Salamu, na si programu ya kupachika, kazaliwa ndani ya simu. Unamfundisha: ukiona neno hili, jibu hivi. Anasoma meseji za kila aina, na hata maneno ya mdomo anayasikia na kuyajibu kwa sauti. Dulla akaanza kunieleza kwamba kusoma na kusikia ni vyumba viwili, kila kimoja na ufunguo wake, ukibadili huku hujabadili kule. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia nimeelewa.

Nikamfundisha mwenyewe. Akiona "shikamoo," ajibu: Marahaba mwanangu, hujambo? Hiyo ni kwa ajili ya watoto wa Kurui, ambao ni wengi na wana adabu. Akiona "pole," ajibu: Ahsante, nimeshapoa. Akiona "habari," ajibu: Nzuri sana, sijui zako.

Nikamjaribu kwa Monica. Kaniandikia habari za asubuhi, kajibiwa papo hapo. Kauliza habari za Zubeda. Kajibiwa nzuri sana. Baadaye kapita mezani kwangu na kusema siku hizi nimekuwa mtu wa watu. Moyo ukanituna.

Jioni nimemwomba Yahya, mdogo wake Zubeda, anirudishe kwenye kundi la wasapu la ukoo. Yeye ndiye kiongozi wa kundi na ndiye aliyenitoa siku ile ya "Safi sana." Ana simu ya kawaida kabisa, kama ya kila mtu, na anaishika kwa majivuno kama ameitengeneza yeye. Amekubali, ila amesema ananitazama. Atazame! Ataona adabu mpaka achoke.

Jumatano, 13 Agosti

Sina pa kuweka uso wangu.

Nilikuwa Kwala tena. Madereva wamenizunguka, simu iko juu mkononi, nawaeleza kuhusu Msaidizi. Ikaingia meseji ya mkwe. Wote wakaisoma, herufi zenyewe zile. Alisema tangu msiba HATA KUNIAMBIA SHIKAMOO IMEKUSHINDA.

Msaidizi akaona shikamoo.

Marahaba mwanangu, hujambo?

Mzee wa watu, mwenye wajukuu na shamba la mikorosho! Akauliza namwitikia nani na nani ameniamkia. Nikataka kuandika samahani. Kibodi hakuna! Kumbe Msaidizi akiwa kwenye mazungumzo kibodi hujificha, ili msiseme kwa pamoja. Mzee akaandika kwamba WA KUTOA SHIKAMOO NI WEWE. Marahaba mwanangu, hujambo? Akaandika kwamba amekuwa mtu mzima kabla sijazaliwa na hajawahi kuombwa shikamoo na mkwe. Marahaba mwanangu, hujambo? Madereva walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye vumbi. Hakuna aliyetaka kununua Kiota, ila wote waliniomba nikiwashe tena.

Kwenye kundi la ukoo mambo mabaya zaidi. Ndugu wa mbali walikuwa bado wanatuma pole kwa wafiwa. Kila pole moja, jina langu likatokea chini yake: Ahsante, nimeshapoa. Ahsante, nimeshapoa. Mimi ambaye sikuzika! Yahya amenitoa. Safari hii hakuandika neno, na afadhali angeandika.

Nilimfuata Dulla nikamwambia amfute huyo Msaidizi. Amesema hafutiki, ndiyo maana ya kuzaliwa ndani ya simu. Kasema kwa fahari, kama namsifia.

Yangu sikuiamini tena, ila ningeweza kuazima simu ya Monica nikampigia mkwe nikamwomba radhi. Nilifika hadi mlangoni kwake. Lakini wakala wa Kiota aonekane anaazima simu? Nikanunua vitumbua nikarudi. Sasa nimeshiba na bado najuta.

Alhamisi, 14 Agosti

Kama Msaidizi hafutiki, anafundishika. Nimegeuza kila kitu! Akiona neno lolote la salamu, liwe shikamoo, marahaba, habari, hujambo, ajibu neno moja tu: Shikamoo. Shikamoo haijawahi kumkosea mtu.

Imemkosea Monica. Aliniuliza habari za mchana, akapewa shikamoo, na mimi ni mkubwa kwake. Amekuja kuniuliza kama anaonekana kizee. Ameninunia na vitumbua hataki kuniuzia.

Halafu, alasiri, Zubeda ameandika! Neno lake la kwanza kwangu tangu msiba. Ameuliza kama ni kweli nimempa baba yake marahaba.

Msaidizi akaona marahaba. Shikamoo.

Zubeda akaandika marahaba. Shikamoo. Akaandika ameshaitikia. Kimya, hakuna salamu humo. Akaandika tena, polepole nadhani, kwamba ameshasema marahaba. Shikamoo. Nami nimekaa pembeni ya kitanda namtazama mke wangu akiamkiwa na kitu nilichokileta nyumbani mwenyewe. Mwishoni akatuma vikatuni. Kiota kikavionyesha kama miraba mitupu, safu nzima. Sijui ni vya hasira au vya nini. Nimeikazia macho ile miraba mpaka nikaona imenikazia na yenyewe.

Nimepata mtu wa kunisindikiza kesho. Mzee Ambokile, jirani, mzee wa kanisa kwa Walutheri, mtu ambaye akinyamaza watu hunyamaza. Kanipa maagizo. Niingie, niamkie, nikiri, ninyamaze. Nisieleze habari za simu. Na simu niiache nyumbani.

Yote nimekubali, isipokuwa hilo la mwisho. Ushahidi wangu wote si umo kwenye simu?

Ijumaa, 15 Agosti. Kurui

Naandika nikiwa nimekaa kwenye gogo nyuma ya nyumba ya wakwe, namsubiri Mzee Ambokile amalize kahawa. Nimelia. Naanza na hilo ili nisilifiche baadaye.

Tulichukua bodaboda mbili kutoka Mlandizi, tukapita Mzenga. Vumbi mpaka kwenye meno. Tulipofika Mzee Abdulwahab alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani na ndugu zake wawili. Yahya amesimama mlangoni. Zubeda alikuwa ndani, niliiona kanga yake kwenye pazia na nikasahau nilichopanga kusema.

Nikapiga magoti. Nikasema shikamoo, baba. Kwa mdomo wangu, kwa moyo wangu wote.

Mzee hakuitikia. Akanitazama. Nilijua ananipima, na nilijua kila kitu kiko kwenye hilo neno lake moja. Akilitoa, mazungumzo yanaanza. Akininyima, narudi Kongowe peke yangu.

Ndipo mfuko wa kanzu yangu ukaitikia. Sauti ya mwanamke, nzito, ya kistaarabu:

Marahaba mwanangu, hujambo?

Vyumba viwili! Dulla aliniambia! Nilibadili cha kusoma, cha kusikia nikakiacha.

Mzee Abdulwahab akakitazama kifua changu kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Mzee Ambokile na kumuuliza huyo mama niliyekuja naye ni nani, na kwa nini nimemficha. Mzee Ambokile, mzee wa kanisa, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanamcheza. Nikaanza kueleza. Nikasema si mama, ni Msaidizi, kazaliwa humo ndani. Kila nilipotaja shikamoo kujieleza, yule mama akaitikia tena. Yahya akainama kabisa.

Zubeda akacheka ndani. Nakijua kile kicheko. Kilianza kidogo, kikapanda, halafu kikakatika, nikamsikia analia.

Akatoka. Amekonda. Akaamuru kilichomo mfukoni mwangu kipelekwe jikoni, na simu ikafunikwa kwa sufuria. Akaketi mbali nami, karibu na baba yake, akasema hataki maelezo, anataka nisikilize kitu kimoja. Akabonyeza simu yake. Ulikuwa ule ujumbe. Kile kisanduku cha kijivu.

Nauandika kama nilivyousikia. "Mwinyi, shangazi ametuacha. Nimemshika mkono mpaka mwisho. Njoo. Usijibu, we njoo tu."

Usijibu. Na mimi nikajibu!

Nililia mbele ya wakwe, na Yahya, na kuku. Nikasema nimekosa. Sikutaja simu, haikuwa na la kusaidia. Zubeda akasema jana, kwa zile shikamoo, alicheka kwa mara ya kwanza tangu wazike, na kwamba kucheka ni kitu kimoja na kurudi ni kingine. Akaniuliza kama nina habari ni watu wangapi walimuuliza pale msibani mumewe yuko wapi. Sikuwa na habari.

Wazee wakateta kidogo, uamuzi ukatoka. Zubeda atabaki mpaka moyo wake utulie. Ukitulia, atanitumia ujumbe wa sauti kunitajia siku ya kwenda kumchukua. Wa sauti, kwa makusudi, ili ijulikane kama mwenye mke anasikiliza. Nikifika siku hiyo, tunarudi wote Kongowe. Siku ikipita, Mzee alisema, nisiharibu tena nauli ya bodaboda.

Nikaapa. Kisha nikaamkia upya, sufuria ikiwa mahali pake. Mzee Abdulwahab akaitikia. Marahaba. Fupi, kavu, lakini ilikuwa yake.

Jumamosi, 16 Agosti

Kiota basi! Nimekizima. Jumanne nakwenda kwa Dulla kubadilisha, nachukua simu ya kawaida, ya kufungua sauti na kunyamaza. Nimemwomba radhi Monica. Kanisamehe, ila vitumbua amenipa vya jana.

Kila nikikaa naisikia ile sauti. We njoo tu. Maneno machache hivyo, na mimi nilikuwa Kwala najisifu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda kwa Dulla nikiwa na nia safi kabisa. Naomba hilo lieleweke.

Simu ya kawaida ilikuwepo. Nikaishika. Nikaigeuza. Ndiyo hiyo hiyo ya Yahya! Rangi ile ile, mpaka kava. Nikajiona naingia Kurui nayo, Yahya yuko mlangoni na yake mkononi, anatabasamu. Nikairudisha mezani taratibu.

Dulla akasema kuna Mzinga. Ni ndugu yake Kiota, lakini amelelewa vizuri. Hauna Msaidizi, hausemi, haudakii salamu za watu. Mazungumzo yote bado yako pamoja, bado unafungua mtu. Nikauliza kuhusu ujumbe wa sauti. Nimejifunza kuuliza! Akasema unafungua karibu sauti zote. Nikamwambia karibu zote kwangu inatosha, mke wangu ni mmoja.

Nimempa Kiota, nimechukua Mzinga. Niliwasha mbele yake na ukawaka. Najua ninavyoonekana. Lakini mtu aliyeungua mara moja ndiye anayelijua jiko, na Kibaha nzima hakuna anayezijua simu hizi kuliko mimi. Isitoshe wanaweza kuhitaji wakala.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku njema! Niliamka mapema, nikafagia, nikaijaza ndoo maji, sukari nimeiona. Ilikuwa kwenye kopo lililoandikwa sukari. Zubeda akirudi atakuta mambo tofauti. Nimekuwa mtu mwingine.

Mchana niliupeleka Mzinga Kwala kidogo, wale madereva wauone. Nilikuwa katikati ya maelezo, simu juu mkononi, jina la Zubeda likatokea! Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikafungua dirisha lake.

Kisanduku. Si cha kijivu, cha njano, kizuri zaidi. Kilisema Zubeda ametuma kitu, Mzinga unajitahidi kukifungua, tafadhali kuwa na subira. Chini yake kulikuwa na majibu ya haraka.

Hapo ndipo yule Mwinyijuma wa zamani angeponzeka. Si mimi. Nimeyaruka yale majibu ya haraka yote, sikugusa hata moja. Nilijua lazima ni picha tu, maana kama ingekuwa sauti Mzinga ungeifungua, unafungua karibu zote. Nimetoka pembeni ya wale watu, nikavuta pumzi, nikamwandikia mke wangu mwenyewe, kwa vidole vyangu, herufi moja moja, kwa upendo wote nilio nao: Safi sana! Endelea hivyo hivyo.